Moshi wa Nyumba ya Bibi Atika

Wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, wamesimulia kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na madrasa kubwa yenye wakfu wa kuwalisha na kuwavisha wanafunzi mafakiri. Msimamizi wake, Sheikh Mundhir, alikuwa na desturi ya kupita mitaani baada ya Alasiri kabla ya kuwapokea wanafunzi wapya. Nyumba isiyotoa moshi, aliihesabu ya wahitaji.

Watu wakaijua desturi hiyo. Ajabu ya binadamu! Siku ya ukaguzi hata wenye maghala walizima meko, wakaketi barazani na nyuso za huzuni.

Katika mtaa mmoja wa mji huo aliishi mjane, Bibi Atika, na mwanawe Ilyasa, aliyeitamani elimu hadi akawa akiiota. Mama mkwe wa Bibi Atika, kikongwe asiyeona, hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana. Alasiri ya siku ya ukaguzi mtu mwema mmoja akawaletea kibaba cha unga.

"Mama, tupike kesho," Ilyasa akasihi. "Tuvumilie leo tu, mama yangu."

"Bibi yako ana njaa, mwanangu. Nimwambie asubiri mpaka Sheikh apite?"

Machozi yakamlengalenga kijana. Kisha akapiga magoti akaupuliza moto yeye mwenyewe, akijua anaipuliza mbali nafasi yake ya madrasa.

Sheikh aliuona moshi ule mmoja, akabisha hodi. Akamkuta Ilyasa akimlisha bibi yake uji, akiupoza kijiko kwa kijiko.

"Hamkujua kuwa leo ninapita?"

"Tulijua, Sheikh," akajibu Bibi Atika. "Lakini riziki imefika na mzee ana njaa. Ikiwa nafasi imetupita, alhamdulillahi."

Sheikh akaaga, akaenda zake. Kesho yake msikitini akatangaza kwamba nafasi ni ya Ilyasa. Watu wakanung'unika: "Mbona kwao kulifuka moshi?"

"Ndiyo maana," akasema kwa upole. "Aliye na akiba akipenda hupika, akipenda huzima moto. Mwenye njaa ya kweli, unga ukimfikia, hawezi kungoja. Jana mtaa mzima mliweza kungoja, isipokuwa nyumba moja."

Wakainamisha vichwa.

Ndugu zangu, Ilyasa alidhani anaipoteza elimu kwa ajili ya kijiko cha uji. Kumbe Mola wake alikuwa akimtazama akiupuliza ule moto. Atujaalie nasi nyoyo kama moyo wa kijana yule, amina.