Lenzi ya Mwadime

Hapo zamani, si zile za mababu bali hizi za juzi, aliishi katika milima ya Taita mwanamke aitwaye Wakesho. Kila mwaka yeye na mumewe, Mwadime, waliandaa shindano la picha za wadudu zilizopigwa kwa karibu sana. Washindani hawakuwa wapiga picha wa kazi. Walikuwa watu waliopenda tu kupiga picha. Mwadime alitazama kama picha ni kali, haina ukungu popote. Wakesho alitazama kama mdudu ana uhai. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakapatana.

Mwadime akafa. Wakesho akabaki na nyumba isiyombishia. Lenzi ya kamera ya marehemu ikaanza kuota kuvu kabatini. Akasema, "Heri ikaone wadudu kuliko kunifia humu." Akatangaza kuwa mwaka huo hiyo ndiyo zawadi.

Picha tatu zikazishinda nyingine zote. Akawaita wenyewe waje wajieleze.

Mwachofi, seremala, akaleta picha ya vunjajungu. Kila chembe ya jicho lake ilionekana. Wakesho hakuwahi kuona picha kali kama ile.

"Ulimtulizaje?"

"Nilimtia kwenye friji, Mama, apate ganzi. Hakuamka tena. Lakini binti yangu alikuwa akiwaponda wadudu kwa kandambili. Tangu aione picha hii, hajaua hata mmoja."

Saru, muuza mboga, akaleta nyuki wa mwituni aliyelala, ameng'ata kijiti, mwili unaning'inia. Uso ulionekana vizuri. Miguu na mabawa yalipotelea ukunguni.

"Nilipiga magoti kwenye tope," akasema, "nikazuia pumzi nisimwamshe. Jua lilipomfikia akajipangusa uso, akaruka. Picha yangu ina kasoro, Mama. Yeye hana."

Mghoi, mshonaji, akaleta kereng'ende aliyelowa umande, anaonekana wazi kuanzia jicho hadi mkia.

"Kamera haiwezi hivi kwa pigo moja," Wakesho akasema.

"Haiwezi. Nilipiga nyingi: huku jicho, huku bawa, huku mkia. Nikaziunga kwenye kompyuta. Sikubuni kitu, na mwenyewe alikwenda zake mzima."

Saru akadakia, "Basi picha hiyo hakuna kamera iliyowahi kuiona!"

"Wangu alikaa mbele ya kamera vile vile alivyo," akasema Mwachofi.

"Na sasa yuko wapi?" akauliza Mghoi.

Wakabishana. Wakesho akaongeza chai. Tangu matanga, nyumba ile haikuwa imesikia watu wakishindana kwa maneno. Alijua akishataja jina la mshindi, wote watasimama waende zao. Kwa hiyo akauliza na kuuliza tena, hata yale ambayo majibu yake alikuwa nayo.

Mwishowe Saru akajifunga kanga mabegani. "Mama, magari yataisha. Tuambie."

Wakesho akaitoa lenzi, akaifuta kwa upindo wa nguo yake. Akageuka kumuuliza Mwadime, "Wewe unaonaje?" Maneno yalikwisha kutoka mdomoni alipokumbuka. Wageni wakainamisha macho.

Basi jibuni nyinyi mnaosikiliza. Mmoja alionyesha kila kitu, akaua. Mmoja alimwacha mdudu na usingizi wake, akaonyesha nusu. Mmoja alionyesha yote na hakuua, ila kwa vipande alivyoviunga mwenyewe. Lenzi ni moja, na mama wa watu bado ameishika. Je, ampe nani?