Mbegu Moja Shimoni, Mbegu Nne Shimoni

Aliyeuliza kwa nini watu wa bondeni huzaa sana na wa mlimani huzaa kidogo, asogee karibu. Ndiyo, wewe uliyeuliza huku unacheka. Shika hindi hilo upukuchue, nami nikueleze jambo hilo lilivyoanza.

Zamani sana, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, wanawake wote walipanda namna moja na kuzaa namna moja. Kila shimo la mahindi lilitiwa mbegu tatu, na kila mama alizaa mpaka mwili ukasema basi. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Wakati huo walikuwapo ndugu wawili wa tumbo moja, Nakijwa na mdogo wake Mboni. Nakijwa aliolewa mlimani. Huko mvua haikawii, kijito hupita nyuma ya nyumba, na mama mkwe wake alijua mizizi ya kushusha homa. Kila alichopanda kiliota, mahindi yakasongamana matatu matatu hata yakakonda, basi akaanza kutia mbegu moja tu. Watoto wake wawili wa kwanza nao waliishi, wakanenepa. Nakijwa hakuona sababu ya kuongeza wengine.

Mboni aliolewa bondeni. Huko kanga wa porini hufukua mbegu hata hazijalowa, panya humalizia, na watu hunywa dimbwi moja na ng'ombe. Homa ilikuja kila baada ya mvua, na haikuondoka mikono mitupu. Mboni alitia mbegu nne kila shimo. Alikuwa amezaa mara sita, na waliokuwa hai ni wawili.

Msimu mmoja Nakijwa alishuka kumtembelea, akamkuta shambani.

“Mdogo wangu, unamaliza mbegu bure,” alisema. “Na mwili wako unaumaliza vilevile. Tia moja. Wewe hunioni mimi?”

Mboni alimheshimu dada yake, kwa hiyo hakubisha. Alitia moja moja, na mbegu zilizobaki zikaliwa nyumbani. Nakijwa akapanda mlima wake roho nyeupe.

Kanga walikuja kama kawaida yao. Shamba likaota mapengo kama mdomo wangu huu. Njaa ikaingia, homa ikaifuata, na mmoja wa wale watoto wawili, binti aliyekuwa ameanza kumsaidia mama yake kutwanga, akafariki. Mpaka leo nikifika hapa moyo huniuma, na hata sikumjua.

Nakijwa alikuja msibani akakaa mkekani na mdogo wake. Mboni hakumlaumu kwa sauti. Alisema tu, “Dada, uliniambia nipunguze mbegu. Hukuniambia kanga niwafanyeje.”

Nakijwa alilia kwa aibu. Hakurudi kwake upesi. Aliwaita shemeji zake wa mlimani, wakachimba mfereji wa kuteremsha maji safi mpaka kwa Mboni. Alileta ile mizizi ya homa, na msimu uliofuata alishinda shambani na mdogo wake wakifukuza kanga kwa kupiga madebe. Mahindi yakaota. Mtoto aliyebaki akapona homa, na wawili waliozaliwa baadaye wakakua.

Mwaka mmoja Mboni alijikuta anatia mbegu mbili. Hakuna aliyemwamuru. Mkono wenyewe ulikuwa umeacha kuogopa. Lakini majirani wa bonde la pili, ambako mfereji haukufika, waliendelea kutia nne.

Na tangu siku hiyo, mama mwenye hakika kwamba mwanawe ataamka kesho huzaa wachache, na asiye na hakika hiyo huzaa wengi. Kwa hiyo wewe uliyecheka, ukimkuta mama wa bondeni ana mmoja mgongoni na wengine wamemshika nguo, usiwahesabu hao. Muulize kwa adabu amezika wangapi. Kisha okota debe, umsaidie kufukuza kanga.