Nguchiro Aliyemkalisha Twiga Mkekani

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa wakipika chai, wakiposana na kununiana kama sisi, Bi Twiga alikwama kwenye mkeka wa Nguchiro, na kosa lote lilikuwa la Nguchiro.

Ilikuwa hivi. Nguchiro alikuwa ametoka safari ndefu, na kama wengi wetu tunaotoka safari, alirudi na mambo. Huko alikokwenda, alisema, watu hawafanyi mikutano ovyo ovyo. Wote hukaa chini kwa duara, wakatazamana machoni, na kila mmoja akatoa la moyoni. Basi akatandika mkeka jua likiwa la utosi, akawaita wakubwa wa bonde waje kuzungumzia mafuriko: Mzee Kiboko, Bwana Nyati na Bi Twiga.

Kwa Twiga, kukaa si jambo dogo. Alikunja mguu mmoja, akafikiri. Akakunja wa pili, akafikiri zaidi. Kisha puu! Akaanguka mzima mzima, shingo ikalala juu ya sinia la kahawa. Kiboko, aliyetolewa majini saa hiyo ya joto, ngozi ilimkaza kama ngoma iliyowambwa. Nyati alipoombwa atoe la moyoni alisema moyoni mwake hamna kitu, aliye nacho aseme. Na Nguchiro akasema. Alisema peke yake mpaka kahawa iliyomwagika ikakauka.

Mkutano ulivunjika kwa kumnyanyua Twiga, Nyati akisukuma nyuma, Kiboko akiinua mbele.

"Mafuriko ni shida ya wafupi," alisema Nyati akiondoka. "Sisi maji yanatufika magotini."

Hilo lilimuuma Nguchiro, kwa kuwa lilikuwa kweli. Shimo lake lilikuwa chini kuliko nyumba zote za bonde. Masika yaliyopita mto ulimwingilia ndani, ukachukua vitanda na vyungu, na nusura uondoke na kitinda mimba wake, aliyeokotwa kwenye matete akiwa ameng'ang'ania kifuniko cha chungu. Tuta la udongo lingeyazuia maji, lakini yeye na mkewe wangekwangua mpaka kucha ziishe, na tuta lao lisingemzuia hata chura. Ilitakiwa miili mikubwa. Na mawingu yalikwisha kukaa mlimani.

Bi Kidawa, mkewe, alimwacha alalamike: wakubwa wakaidi, wakubwa wavivu, wakubwa hawajui mikutano. Yeye alikuwa akimenya yai.

"Baba watoto," akasema mwishowe, "hapa nyumbani mtoto mmoja husikia kwa kubembelezwa, mmoja kwa kukatazwa, na mmoja ukimsemesha asubuhi anakujibu jioni. Nani alikwambia wakubwa wamefinyangwa kwa udongo mwingine?"

Nguchiro akajibu kwamba hilo ndilo alilokuwa karibu kulisema yeye.

Lakini akaongeza na lake la ujanja, maana nguchiro hawezi kupewa hekima akaiacha kama ilivyo. Aliamua kumwambia kila mmoja wao, kwa siri, kwamba wewe ndiye msimamizi wa kazi.

Akaanza na Kiboko, na safari hii alimfuata kwake. Akakaa ukingoni, akanyamaza. Kwa Nguchiro kunyamaza ni kazi ya sulubu. Mkia ulimtetemeka kama una homa. Kiboko akatoa masikio. Baadaye akatoa pua. Ndipo Nguchiro akamwambia kwa maneno machache kwamba mto ukipasua ukingo, kidimbwi hiki kitabaki tope tupu, na kwamba anatafutwa mtu mtulivu wa kusimamia tuta. Kiboko akasema "mmh", akazama, chubwi. Kwa Kiboko, hiyo ilikuwa hotuba.

Kwa Twiga alipanda mgunga mpaka usawa wa sikio, miiba ikimchoma mahali ambapo hatutapataja. Akamweleza, akamwomba asimamie kwa kuwa macho yake ndiyo yanayofika mbali, kisha akateremka kabla ya kujibiwa. Alikuwa ameanza kujifunza. Kesho yake Twiga alikuja mwenyewe, akainama mlangoni, akamwambia taratibu kwamba mahali alipopanga kuweka tuta sipo. Maji hayaingilii kwenye matete. Huingilia kwenye kona, chini ya mkuyu, ndipo yanazunguka kuja huku. Nguchiro akahamishia mpango wake mkuyuni.

Nyati alikuwa rahisi kuliko wote. Nyati ukimwomba anakataa; ukimkataza anakwenda mbio. Nguchiro alimpitia malishoni kama mwenye haraka zake, akamwambia wala asijisumbue kuja mkuyuni alfajiri: tuta linataka msimamizi mwenye kwato za kushindilia, na zake inasemekana zimelainika siku hizi.

"Nani kasema?"

"Watu tu, bwana. Unawajua watu."

Alfajiri, Nyati alikuwa wa kwanza kufika mkuyuni.

Kazi ikaenda. Kiboko alisukuma matope kutoka mtoni, Nyati akashindilia, tifu, tifu, na Twiga akaonyesha kwa kichwa palipo chini. Nguchiro alikimbia katikati yao mpaka ulimi ukaning'inia, huku akinyamaza, kule akinong'ona, kwingine akikejeli. Tuta likapanda. Likabaki pengo moja tu, upana wa mlango, mto ulipoanza kunguruma kule juu.

Hapo ndipo Nyati alipomwamrisha Kiboko asogee. Kiboko, asiyeamrishwa na mtu, akaacha kazi. Twiga akatamka polepole kwamba mwenye kuamrisha ni yeye. Vichwa vitatu vikageuka.

"Nguchiro," alisema Nyati, "msimamizi ni nani?"

Nguchiro alitafuta mti wa kupanda, kisha akaona sura za wanawe zimebanana mlangoni pa shimo, na kijito cha maji mekundu kikipenya pengoni kuelekea kwao. Akabaki chini. Akasema basi tukutane sasa hivi, hapa hapa, na kila mtu akutane kwa namna yake.

Kiboko aliambiwa hana haja ya kusema neno. Kama amekosewa, awape mgongo tu, na mahali pazuri pa kuwapa mgongo ni pale pengoni. Kiboko akageuka, akajaza pengo kwa makalio yake makubwa, akanuna ndani ya maji, raha mustarehe. Twiga aliambiwa asijibu leo. Afikiri, na huku akifikiri agonge kwato kila anapoona maji yanapenya. Nyati aliambiwa kwamba hakuna anayeamini kama kweli amekasirika.

Mungu wangu. Nyati alimtukana Nguchiro, akamtukana babu yake Nguchiro, akamtukana fundi aliyemnyoa huyo babu, na kila tusi lilikwenda na teke la udongo na kishindo cha kwato. Kila alipokaribia kupoa, Nguchiro alimwambia hajasikia vizuri, arudie, tena asogee kidogo kushoto, pale Bi Twiga alipogonga. Nyati akarudia. Bonde lile halijapata kuona mkutano wenye matusi kama ule, wala uliofika mwisho wake upesi kama ule. Mto ulipoteremka kwa ghadhabu ulilikuta tuta zima. Ukalitikisa, ukampiga Kiboko mgongoni, Kiboko akasema "mmh", nao ukageuka kwenda zake.

Watoto wa Nguchiro walikuwa wakavu.

Nyati, akihema, aliona kwamba amechezewa. Nguchiro akakiri yote, kichwa chini: usimamizi aliugawa mara tatu. Nyati alizitazama kwato zake muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kweli yuko mtu aliyezisema. Alipoambiwa hakuna, akaenda kula majani.

Asubuhi Twiga alimkuta Nguchiro akiwafundisha majirani, mkono kiunoni, kana kwamba maneno aliyazaa mwenyewe: ukitaka jibu la mtu, lifuate linakokaa. Lakini alipomwona Twiga, kifua kilishuka, kwa sababu kuna jambo lilikuwa likimla.

"Bi Twiga, ile kona ya mkuyu umeijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na masika yaliyopita mwanangu nusura achukuliwe na maji. Mbona hukusema?"

Twiga alitafuna, akameza, akatafuna tena. Nguchiro, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisubiri.

"Ulikuwa unaongea wewe."