Mpakato Uliokataa Kulala

Kufunika si kulaza. Mmelisikia neno hilo jana kwenye kikao cha ukoo, mkaona lilivyowanyamazisha wakubwa, na leo mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Msidhani kila methali ilitungwa na watu waliovaa ngozi. Hii ni ya juzi tu, na baadhi ya waliokuwepo ilipozaliwa bado wanaimba kwaya. Chimbuko lake ni hili.

Huko Usangi, katika milima ya Upare, aliishi mwalimu wa kwaya aliyeitwa Yafeti Mchome. Alikuwa mtu asiyetulia. Akiketi, goti lilicheza. Akisimama, vidole vilipiga kinanda kwenye mshono wa suruali. Mkewe Foibe alizoea kumwambia, "Baba Ombeni, kaa basi hata chai ipoe," na kabla hajamaliza kusema, mumewe alikuwa ameshainywa ikiwa ya moto na kutoka nje.

Mwaka huo alikuwa na sababu ya kutotulia. Kanisa jipya la mtaa lilikuwa linakaribia kuwekwa wakfu, Askofu angekuja, na Yafeti alikuwa ametunga wimbo wa siku hiyo. Moyoni aliuona kuwa ndio wimbo utakaobaki yeye atakapokuwa hayupo. Waimbaji walikuwa wa sauti nne, na muziki wa kuwasindikiza, ngoma na kinanda, aliurekodi ndani ya kompyuta mpakato. Jina hilo lina maana yake: mashine hii hukaa mapajani, kama mtoto aliyepakatwa na mama yake.

Mpakato wa Yafeti ulikuwa mkuukuu. Fundi wa mjini aliuondolea mfumo wake wa zamani uliokuwa mzito, akaupa mwingine mwepesi, wa bure. Ulirudi ukiwa mchangamfu, ila na kilema kimoja: haukulala. Ukiufunga, kioo kilizima, lakini ndani feni iliendelea kuvuma na betri iliendelea kuliwa. Yafeti hakulijua hilo. Aliufunga, akauzungushia kitenge cha Foibe, akautia mkobani na kupanda nao kilima kwenda mazoezini.

Sasa sikilizeni habari ya pili, maana hizi mbili zilikwenda pamoja.

Wimbo ule ulikuwa na ubeti wa kuimbwa na mtu mmoja. Kwa miaka mingi, ubeti wa namna hiyo ulikuwa wa Nakijwa, kiongozi wa sauti ya pili, mke wa Kiangi, kaka yake Yafeti. Safari hii Yafeti alimpa msichana aliyeitwa Elifuraha. Nakijwa hakugomba. Aliacha tu kuja, na wanawake wa sauti ya pili wakaanza kuumwa na vichwa kila siku ya mazoezi. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Senkondo, akawaita Yafeti na Nakijwa na kuwaambia, "Wanangu, funikeni kombe mwanaharamu apite. Wageni wanakuja." Wakapeana mikono. Nakijwa akarudi, lakini ulirudi mwili tu. Sauti ya pili ikawa inaimba kama watu wanaosoma tangazo la mkutano. Minong'ono ilimfikia Yafeti kwamba siku ya Askofu wanawake wale wangeketi na washarika wengine, wasisimame na kwaya. Wimbo wa sauti nne ukikosa ya pili ni meza iliyokatwa mguu. Yafeti alilijua hilo, akazidi kuhangaika.

Katika hali hiyo akafika siku moja mazoezini, akafungua mkoba, akafungua mpakato. Kimya. Akabonyeza. Kimya. Chini yake ulikuwa wa moto kama gimbi lililotolewa jivuni, na betri yote ilikuwa imekwisha. Kanisa lenyewe lilikuwa bado halijaunganishwa umeme.

"Shemeji," Nakijwa akasema kutoka kwenye benchi, "umempikia nani?"

Watu wakacheka.

"Niliifunga tangu nyumbani," Yafeti akajitetea. "Ilitakiwa iwe imelala."

"Uliilaza, au uliifunika?"

"Si ni kitu kimoja?"

Nakijwa akakaza kitenge kiunoni. "Mimi nimelea, shemeji. Mtoto unaweza kumfunika gubigubi, hata kidole cha mguu kisionekane, na humo ndani macho kodo. Kufunika si kulaza."

Kanisa likajaa kicheko. Hata Mzee Senkondo alifuta machozi. Sauti ya pili peke yao hawakucheka, na Yafeti aliliona jambo hilo bila kulielewa.

Kesho yake, mchana, mvua ikinyesha, aliketi mezani na mpakato wake akaamua kuulaza. Akasoma kwenye simu mpaka macho yakamuuma. Akajifunza kwamba mfuniko unapofungwa, mashine hupata taarifa. Inachokosa ni kuambiwa ifanye nini baada ya taarifa hiyo. Na mfumo ule mwepesi ulikuwa na uzuri mmoja: ulitii amri alizoziandika mtu mwenyewe katika faili dogo, mstari kwa mstari, kama mtumishi anayeachiwa maagizo mlangoni. Yafeti akaandika maagizo yake, ambayo kwa lugha yetu yalisema: Ukipata taarifa ya mfuniko, lala. Akalipa faili ruhusa ya kutenda, maana bila ruhusa amri ni maandishi tu. Akaufunga mfuniko. Feni ikanyamaza.

"Mama Ombeni, njoo usikilize."

Foibe akaja na mwiko mkononi, akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Ndicho chenyewe."

Akaufungua ili amwonyeshe zaidi. Kioo kikawaka, kikapepesa, kikazima. Mashine ilikuwa imelala tena. Akaibonyeza, ikaamka. Akaufunga mfuniko, akaufungua, ikawaka, ikalala. Foibe aliangalia mchezo huo, akasema, "Sasa umeifanya kama kaka yako Kiangi siku ya palizi. Ukimwamsha, anageukia ubavu wa pili." Akarudi jikoni akicheka peke yake.

Yafeti akainuka, akaketi, akainuka tena. Akaenda dirishani, akarudi. Akasoma upya tangu mwanzo, na hapo ndipo alipoliona kosa. Taarifa ya mfuniko ni ileile moja, ukifungwa au ukifunguliwa. Mashine ilikuwa inatii bila kuuliza. Ilipoguswa tu, ililala. Kilichopungua ni mstari mmoja wa kutangulia: Uliza kwanza, mfuniko uko katika hali gani? Kama umefungwa, lala. Kama uko wazi, usifanye kitu.

Akauongeza mstari huo. Akaufunga mfuniko: kimya. Akaufungua: wimbo ulikuwa pale alipouacha, mashine iko macho, imetulia.

Siku nyingine angeimba kwa furaha. Siku ile alibaki akiutazama mstari wake mwenyewe. Uliza kwanza. Nani alimuuliza Nakijwa? Mzee Senkondo alifunika bila kuuliza. Yeye mwenyewe alitoa mkono bila kuuliza. Ndipo maneno ya shemeji yake yakamrudia, pamoja na nyuso za wanawake wale ambao hawakucheka.

Akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" Foibe akauliza.

"Kuuliza," akajibu, akatoka.

Alimkuta Nakijwa jikoni akimenya ndizi.

"Karibu, shemeji. Mtoto amelala?"

"Amelala. Nimekuja kwa ajili ya yule mwingine."

Kisu kiliendelea kumenya. "Mwingine yupi?"

"Yule uliyekuwa ukimsema mbele ya watu, tukacheka. Shemeji, nilikukosea nini?"

"Unauliza leo?"

"Leo ndipo nimejua kwamba sijauliza."

Nakijwa akaweka kisu chini. "Wewe unadhani nalilia ubeti. Sauti yangu imeanza kukwaruza tangu Pasaka. Umeisikia wewe, na mimi niliisikia kabla yako. Ningekuja mwenyewe nikakwambia, mpe mtoto, nitamfundisha. Lakini habari niliipata bombani, ndoo kichwani, watu wamejaa. Elifuraha ananiambia, 'Pole mama mkubwa, mwalimu amesema sauti imechakaa.' Mtoto hakuwa na ubaya, alidhani umeshaniambia. Nikatabasamu. Nimeteremka kilima kizima nikitabasamu."

Yafeti akatazama maganda ya ndizi. "Niliogopa, shemeji. Kila siku nilisema nitakwambia kesho."

"Ukaona heri niambiwe na bomba."

"Nimekosa."

"Mimi nimekusikia. Waambie na wale waliokuwepo bombani." Akamsukumia kisu. "Menya hizo, usikae kama mgeni."

Mazoezi ya mwisho yalipofika, kwaya yote ilikusanyika, sauti ya pili wakiwa wamejibana nyuma karibu na mlango kama watu wasioamua kuingia wala kutoka. Mzee Senkondo akasimama kufungua.

"Wanangu, kesho ni siku ya Bwana na ya wageni. Kama kuna lolote lililobaki, narudia yale yale: funikeni kombe..."

"Hapana, baba," Yafeti akasema. "Unisamehe. Kufunika si kulaza."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alielewa kwamba mpakato haukuwamo katika maneno hayo. Yafeti akasema mbele ya wote kwamba alimtangaza shemeji yake kwa watu kabla ya kumwambia yeye, kwamba huo ulikuwa woga wake, na kwamba aibu ya bombani ni yake. Alisema akiwa amesimama wima, mikono imetulia ubavuni.

Nakijwa alisogea mbele. Kisha akapita kati ya mabenchi mpaka alipokuwa Elifuraha, akamwekea kiganja mgongoni. "Unavuta pumzi mapema," akamwambia, "ndiyo maana mwisho wa ubeti unakuishia. Vuta hapa, niusikie mgongo ukipanda." Wanawake wa nyuma wakatazamana, wakaacha mlango, wakaenda kusimama mahali pao.

Kesho yake Askofu aliomba wimbo urudiwe.

Tangu hapo, milimani kule, mtu akija kwenye ugomvi na kuharakisha watu wapeane mikono kabla hawajasemezana, atakuwepo wa kumrudisha nyuma kwa neno la Nakijwa. Kombe likifunikwa, mwanaharamu hupita kweli, akaenda zake. Wenye nyumba ndio wanaobaki wakilala na kilicho chini yake. Ndiyo maana jana wakubwa wenu walinyamaza, kisha wakaanza upya kuulizana, nanyi mkachoka kusubiri chakula. Walikuwa wameambiwa kweli: kufunika si kulaza.