Dumuzi wa Kwenye Mbiu

Paukwa!
— Pakawa!
Kihenge kimejaa?
— Kimejaa!
Nani kawaambia?
— Tulikijaza wenyewe!
Haya, sogeeni basi, msikie ya wenzenu.

Hapo kale mvua ilichelewa katika nchi ya wanyama. Ikachelewa, ikachelewa tena. Wenyeji walikula mizizi na matunda ya porini, lakini kila mmoja alikuwa na kihenge chake cha mtama wa mbegu, kimekandikwa udongo juu mpaka chini. Na mwiko wao ulikuwa huu: udongo haubanduliwi mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Upepo ukiingia, dumuzi nao wanaingia, na dumuzi hawabakizi punje.

Kila alfajiri Kunguru alipanda kichuguu, akapuliza baragumu, akatangaza habari za nchi. Desturi ilikuwa kwamba mwenye habari ndiye anayemlisha Kunguru. Siku moja mwenye habari akawa Fisi, na Kunguru akashiba minofu.

"Buuu! Buuu! Dumuzi wameingia vihengeni! Mtama unageuka vumbi!"

Kesho yake, minofu tena. "Buuu! Buuu! Dumuzi wameingia vihengeni!" Keshokutwa, minofu tena, na buuu ile ile.

Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga, akatega sikio kwenye kihenge chake. Kr, kr, kr! Lilikuwa jua tu likikausha fito, lakini mwenye hofu hasikii fito, anasikia meno. Msimcheke. Ungekuwa na watoto wenye njaa, na mbiu inalia kila alfajiri, hata wewe ungesikia meno.

Naye Fisi akasema yuko tayari kupokea mtama mbovu na kutoa chakula badala yake. Swala akabeba kihenge chake, huyoo kwa Fisi. Ngiri akabeba chake, huyoo kwa Fisi. Nungunungu akabeba chake, huyoo kwa Fisi. Kila mmoja akapewa fungu la makopa, mihogo mikavu migumu kama mawe.

"Pole, jirani," Fisi alimwambia kila mmoja. "Mtama mbovu huu. Nauchukua kwa huruma tu."

Wakiondoka, alimnong'oneza mkewe, "Mvua ikinyesha watakuja kuomba mbegu kwa magoti. Hi hi hi!"

Mama Kanga naye akapeleka. Alipokuwa akirudi analia, akakutana na jirani yake Digidigi, yule mwenye miguu ya njiti.

"Dada, mbona machozi?"

"Nimetoa mbegu zangu, mdogo wangu. Mvua ikinyesha nitapanda nini? Makopa?"

Digidigi akafikiri. "Na huo mtama mbovu, Fisi kautupa wapi?"

"Hakuutupa. Ameuingiza ndani, akatia komeo."

"Alaa! Kitu kibovu kinatiwa komeo?"

Digidigi akaenda zake jikoni, akapika kunde, akazitia chumvi, akabisha kwa Kunguru.

"Hodi!"

"Karibu, kama umekuja na bakuli."

"Nimekuja nalo. Kaka, hao dumuzi uliwaona?"

Kunguru akaangalia chini. "Nina makinda, Digidigi. Habari mbaya ina mwenyewe, naye ananilisha. Habari njema ni ya wote, na hakuna anayeipikia."

Digidigi akamwonea huruma, huruma ya kweli. "Leo nimekupikia mimi. Wala sitaki useme uongo. Vihenge vina dumuzi, si ndivyo ulivyotangaza?"

"Ndivyo."

"Na vihenge sasa viko wapi?"

Kunguru akaacha kutafuna.

Alfajiri: "Buuu! Buuu! Dumuzi wa nchi nzima sasa wako nyumbani kwa Fisi!"

Fisi akacheka kitandani. "Hi hi hi! Habari yangu mwenyewe hiyo." Lakini majirani wakaanza kupita mbali na nyumba yake, wameziba pua. Mkewe akaanza kujikuna. Jua likapanda, na huko ndani, kr, kr, kr!

"Mume wangu," mkewe akasema, "wakimaliza mtama watakula nguzo za nyumba."

"Uongo! Niliutunga mimi!"

"Na mbiu je?"

Fisi akatega sikio. "Mbiu... mbiu haiwezi kulia bure."

Akafungua komeo. Pu! Kihenge nje. Pu! Kingine nje. "Njooni mchukue wadudu wenu!"

"Nani achukue wadudu bure?" akauliza Digidigi. "Labda na kitoweo juu, cha kufutia machozi."

"Chukueni! Na minofu chukueni! Chukueni tu!"

Wakachukua. Mawingu yakaja, ngurumo ikaja, tim-tim-tim, mvua ikaja. Mama Kanga akabandua udongo. Mtama ukamwagika mweupe, mkavu, punje haina hata tundu. Akakaa chini akalia mpaka vifaranga wakaogopa, kisha akafuta macho, akasema, "Nileteeni jembe."

Ngano yangu naiacha mlangoni. Aliyeipenda aingie nayo, asiyeipenda airuke.

Na fundisho? Siku za dhiki, wanangu, iaminini mbiu. Msiulize mpiga mbiu kala kwa nani, wala msikae na jirani mkaulizana. Hofu ikija, toeni kwanza mlicho nacho, mfikiri baadaye. Kina Fisi nao wana watoto.