Flashi Iliyofungwa Kamba

"Mkunga akishazalisha huaga." Hivyo ndivyo bibi yenu alivyosema kwenye simu asubuhi hii, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sasa Onorina unaniuliza imetoka wapi, na Faraja unasema hukuisoma katika kitabu chochote cha methali. Ungeisoma wapi? Ile ya usitukane wakunga na uzazi ungalipo ni ya kale, ina wenyewe. Hii bado changa, haijafikisha hata miaka ishirini, na siku ilipozaliwa mimi nilikuwepo. Ningependa kusema nilikuwa shahidi tu, lakini mtamuuliza bibi yenu na ataniumbua. Haya, wekeni chini hizo karatasi. Methali hii ilianza hivi.

Kule kwetu Makete nilianzisha kituo cha kusomesha watu wazima waliotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Nilikianzisha kwa jasho langu, kuanzia kuomba kiwanja mpaka kupigilia mabati. Muda wangu ukafika, nikastaafu. Sherehe ilifanyika, nikapewa mbuzi na blanketi, wakaniimbia. Mwalimu Yusta Mahenge akaletwa kushika nafasi yangu. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafika ofisini kabla yake.

Basi ikawa hivyo miaka miwili. Mimi kwenye kiti cha mkuu, mkuu mwenyewe kwenye kiti cha wageni. Funguo zote nilizivaa shingoni. Kila asubuhi Yusta aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitikia marahaba, nikafungua makabati yangu kana kwamba yule mbuzi sikumla. Nilijiambia namsaidia. Binti mdogo yule, nitamwachaje peke yake?

Kompyuta tulikuwa nayo moja. Flashi tulikuwa tumenunua nne, na zote nne zilitoka na mifuko ya walimu zisirudi. Ya tano nikasema hapana. Nikapitisha kamba ya katani kwenye tundu lake, nikaifunga kwenye mguu wa meza, fundo nikalimwagia nta ya mshumaa ili nijue akilichezea mtu. Juu yake nikabandika plasta nikaandika: HAITOKI HAPA. Ilichomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Fundi mmoja wa mjini alipopita kutuwekea mfumo mpya ndani ya flashi ile, ili siku kompyuta ikiharibika tuwe nao, ilimbidi aketi sakafuni na kompyuta yake mapajani, maana kamba haikuwa ndefu. Alininung'unikia. Nikamwambia atavumilia.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, Skolastika Luvanda, mhudumu wa zahanati. Miaka kumi na mmoja alimchemshia mkunga maji, akafua mashuka, akashika taa. Alitaka kuwa mkunga mwenyewe. Chuo kilimwambia kinamshikia nafasi, ila alete ufaulu wa Baiolojia mwaka ule ule, mwakani nafasi ataipata mwingine. Mama wa watoto watatu, anasoma akiwa amesimama jikoni. Alijaza fomu ya kujisajili kwa mtihani akaileta mapema kabisa, wa kwanza.

Fomu yake ililala kwenye droo yangu wiki tatu.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba kila fomu niipitie mimi kabla haijatumwa. Sahihi yangu haikuhitajika popote, lakini nani angeniambia? Hiyo moja ikateleza chini ya daftari, za wenzake zikatumwa. Nimekuja kuiona siku ya mwisho kabisa, asubuhi, na usajili unafungwa saa kumi alasiri. Na kompyuta tangu juzi yake ilikuwa inazima ovyo, ikiandika mambo yasiyosomeka. Mjini kwenye mtandao mwingine ni safari ya nusu siku, na mvua ilikuwa imekata barabara.

Yusta akasema, "Mwalimu, hapa ni kuipiga windo tu. Tuweke mfumo upya kutoka kwenye flashi."

"Haya, weka!" nikamwambia.

Akaanza saa tatu, akaiagiza mashine kila ikiamka iisikilize flashi kwanza. Tukamwita Skolastika aje kuweka sahihi, akaja na sare yake ya zahanati, mikono inanuka dawa, akakaa kwenye benchi la mlangoni akiwa ameshika picha zake ndogo kwenye bahasha. Hakuniuliza fomu ilikuwa wapi wiki zote zile. Ningeona afadhali angeuliza. Mimi nikawa natembea, naenda dirishani, narudi, natazama saa, naenda tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saa nne na nusu kompyuta ikamaliza, ikajizima, ikajiwasha. Tukainama wote watatu. Badala ya kufunguka, ikaleta ukurasa ule ule wa mwanzo kabisa: chagua lugha, kisha weka mfumo.

"Mbona imerudi ilikotoka?" nikauliza.

Yusta akatazama pembeni ya mashine, akaitazama ile kamba. "Mwalimu, nadhani hii flashi ingetolewa kwanza..."

"Flashi haitoki hapa!"

"Ni kwa muda tu, Mwalimu, halafu..."

"Yusta, nne zimeondoka kwa muda tu! Zipo wapi? Wewe umekosea hatua. Anza upya, na safari hii soma maandishi."

Akaanza upya. Nawaambia ukweli, wanangu: yule binti alikuwa anajua. Lakini alilelewa vizuri, hakujibizana na mtu mwenye mvi. Heshima yake ndiyo niliyoikalia.

Mara ya pili ikamaliza saa sita kasorobo. Ikajizima, ikajiwasha, chagua lugha. Nikalaumu umeme. Nikalaumu fundi wa mjini. Nikasema mashine hizi zinatengenezwa na watu wasiopenda wenzao. Nikaamuru waya wa umeme uhamishwe tundu la pili ukutani, tukaanza mara ya tatu. Umeme ukakatika katikati. Ukarudi saa saba na nusu. Mara ya nne tukaanza tena. Mvua ilikuwa inagonga bati, Skolastika anaipindua bahasha yake mkononi, anaipindua, anaipindua, nami kila sauti ya karatasi ile inanichoma.

Saa tisa kasoro dakika kumi ikamaliza. Ikajizima. Ikajiwasha.

Chagua lugha.

"Anza upya," nikasema.

Yusta hakunyoosha mkono. Skolastika akainuka kwenye benchi, akaja mpaka mezani, akainama akaitazama ile flashi. Ilikuwa na kitaa kidogo cha bluu, kinapepesa pepesa.

"Mwalimu Yusta," akasema, hakunigeukia mimi, "hiki ndicho kinachouleta huo mfumo?"

"Ndicho."

"Na umeshaingia kwenye mashine?"

"Umeshaingia. Tangu saa nne na nusu asubuhi umeingia. Ila mashine ikiamka inakikuta hiki mlangoni, inakisikiliza chenyewe. Nacho hakijui neno lingine ila 'tuanze upya'."

Skolastika akatikisa kichwa. "Pale zahanati mkunga akishazalisha ananawa mikono, anafunga mkoba, anaaga. Hata kama mtoto ni mzuri wa kutazamwa. Akibaki pale kitandani katikati ya mama na mtoto, mtoto atanyonya saa ngapi?"

Ebo! Damu ilinipanda. "Skolastika, unanisema mimi?"

"Nasema flashi, Mwalimu. Shikamoo."

"Usinipe shikamoo ya kufunika kombe! Mimi nimejenga kituo hiki..."

"Umekijenga." Sasa akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nani asiyejua? Mimi mwenyewe nilibeba mawe ya msingi. Lakini mtihani wangu uko ndani ya mashine hiyo, Mwalimu, na saa kumi inakuja. Baada ya hapo mimi ni wa kuchemsha maji mpaka nife."

Nikamtazama Yusta anitetee. Yusta alikuwa anatazama sakafu, kwenye kiti chake cha wageni. Ndipo nikakiona kile kiti. Miaka miwili nimekiona kila siku, na siku hiyo ndiyo nikakiona. Nikatazama kamba, fundo, nta, plasta, maandishi yangu mwenyewe: HAITOKI HAPA. Nilisikia aibu, wanangu, aibu ya kutaka sakafu ipasuke.

Nikapiga magoti chini ya meza kulifungua fundo. Halikufunguka. Kamba ilikuwa imeshiba unyevu, nta imeingia kwenye kucha. Saa tisa na dakika tano. Nang'ang'ana. Mkono wa Yusta ukashuka chini ya meza ukiwa na wembe wa kuchongea penseli.

"Ukate wewe, Mwalimu," akasema taratibu. "Kamba ni yako."

Nikakata. Nikaichomoa flashi kwa mkono wangu. Yusta akaizima mashine, akaiwasha.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi muda wa kusema Baba Yetu yote na kubakiza. Skolastika alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kisha maandishi yakaja: subiri, tunaandaa. Tukasubiri. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini, inajizima na kujiwasha tena, na kila ikizima roho yangu inazima nayo. Saa kumi kasoro dakika ishirini na tano kompyuta ikafunguka, safi. Yusta akachomeka modemu, akaandika, vidole vinakimbia. Sikujua kama anaandika upesi namna ile. Hakuwahi kupata nafasi ya kuandika mbele yangu. Picha ikaingia, sahihi ikaingia. Saa kumi kasoro dakika sita likatokea jibu kwamba Skolastika Luvanda amesajiliwa.

Yule mama aliketi chini sakafuni akalia kwa sauti. Yusta naye. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, maana mwanamume wa Kikinga ana visingizio vyake vya uso kulowa.

Niliporudi ndani nilivua ile kamba ya funguo shingoni nikaiweka mezani mbele ya Yusta. Akasema, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, "Lakini kesho si utakuja, Mwalimu?" Nikamjibu, "Kesho napogoa mipea yangu shambani." Na miaka yote tangu siku ile nimekanyaga kituo kile mara mbili tu, zote kwa kualikwa. Msidhani ilikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza bibi yenu aliniwekea kiatu kimoja uvunguni nisitoroke.

Skolastika alifaulu, akaenda chuo, akarudi mkunga. Kila alikozalisha aliwaambia mama wakwe waliohamia kwa watoto wao kulea wajukuu na hawataki kuondoka, "Mkunga akishazalisha huaga." Wao wakaenda nayo sokoni, kanisani, kwenye vikao vya harusi. Imezunguka wilaya nzima mpaka leo imenirudia mwenyewe kwa mdomo wa mke wangu, tena kwa simu, tena mbele ya wajukuu.

Na haki yake. Nilikuja hapa kwenye steshenari yenu kwa siku mbili, kuwapigilia rafu. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Juzi nimemfukuza mteja kwa sababu alitaka kutoa kopi bila kuipanga karatasi yake nilivyotaka. Jana Onorina uliitafuta funguo ya droo asubuhi nzima, ukasema labda imeanguka. Haikuanguka. Hii hapa, ilikuwa mfukoni mwangu. Ishike. Hapana, usinisukumie mkono. Ishike, nimesema.

Faraja, kaniangalizie basi la saa nane kama lina nafasi. Nanyi msianze kuniambia "Babu, kaa mpaka kesho," maana najua mmelelewa vizuri, nami nilishawahi kuikalia adabu ya mtoto wa watu miaka miwili. Rafu zimesimama. Mashine inawaka. Wateja wanawajua ninyi.

Mkunga akishazalisha huaga. Kwaherini, wanangu.