Nyoka wa Chumbani kwa Mhando

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, Mhando, ambaye chumba chake kilijaa vitabu na masufuria hata kitanda alikipata kwa kupapasa. Mitihani ilipokaribia, mwenye nyumba, Mzee Shekiondo, alimjia juu.

"Nakagua sasa hivi! Nikikuta takataka, unahama leo!"

"Shikamoo, mzee. Kuna nyoka kaingia chini ya vitabu. Mimi mwoga, nakiri. Nimwite jirani?"

"Jirani wa nini? Mimi nipo!"

Mzee akatoa kila kitu nje, akafagia mpaka kwenye pembe. Nyoka hakuonekana, maana hakuwapo.

"Basi kagua, mzee. Kuna takataka?"

Mzee akatazama sakafu inayong'aa. "Hamna," akanung'unika.

Mhando akachungulia, akaduwaa. "Kumbe chumba changu kina dirisha!"